Mlio Ndani ya Gari Jekundu la Upendo

Tangu nirudi Njombe, kila ninayekutana naye ananiuliza habari za kangaruu. Nasema mapema ili asiwepo wa kusoma hadi mwisho akanilaumu: sikumwona kangaruu hata mmoja, isipokuwa yule aliyechorwa kwenye kibao cha barabarani. Nilichokiona Sydney, na ambacho hadi leo nakikumbuka, ni gari lililofunguliwa tumbo. Ninyi mlioniomba niandike, nimeandika kwa kufuata njia yenyewe, hatua kwa hatua. Mambo ya viza na tiketi nimeyaacha. Aliyeyapitia anayajua, na asiyeyapitia ashukuru.

Dar es Salaam hadi upande wa pili wa ramani

Ndege ya kwanza ilitushusha kwenye nchi ya jangwa, katika uwanja unaong'aa kama duka la vito, tukaambiwa ya pili itachelewa kwa sababu ya vumbi. Hakuna aliyesema itachelewa kwa muda gani. Nilikaa karibu na bibi mmoja wa Kirundi aliyekuwa akienda kuona wajukuu ambao hakuwahi kuwashika. Alikuwa na karanga za kukaanga kwenye mfuko wa kitambaa, na kila alipotoa konzi moja alinigawia nusu, bila kuniuliza kama nataka.

"Ni mbali kweli huko?" aliniuliza.

"Ni mbali, mama."

"Kuliko kule tulikotoka?"

"Mara tatu yake."

Akatikisa kichwa, akatafuna, akasema kwamba basi wajukuu hao walikuwa na miguu mirefu kuliko alivyodhani.

Tulipoondoka, chakula kilikuja wakati ambao tumbo langu lilikuwa limeshasahau kama ni asubuhi au jioni. Walileta mayai, nikala. Baadaye kidogo wakaleta kuku, nikala tena. Kisha nikafungua kidirisha. Chini kulikuwa na nchi nyekundu, nyekundu kama tofali bichi, isiyo na nyumba, barabara wala moshi. Nilisinzia, nikaamka, nikakuta bado ni ileile. Nilisali kimoyomoyo, si kwa hofu bali kwa sababu sikujua jambo lingine la kufanya mbele ya ukubwa kama ule. Mwisho ukaja ukijani, ukaja mji, ukaja maji ya bluu yaliyoingia kila pembe ya mji, na ndege ikainama.

Uwanja wa ndege hadi Rooty Hill

Mdogo wangu Upendo alinipokea kwa "shikamoo dada" na kilio. Mumewe, Kamau, Mkenya wa Nakuru, alinipokea kwa kuninyang'anya begi. Nilitoka nje nikitafuta gari jekundu. Kwa mwaka mzima Upendo alikuwa akinitumia picha zake. Alikuwa ameniahidi kwamba nikifika ataniweka pembeni yake, na tutakwenda kusini hadi kwenye daraja linalotoka ubavuni mwa jabali na kuning'inia juu ya bahari. Lakini lililokuwa likitungoja lilikuwa gari kubwa la kijivu la familia, na kiti cha nyuma kilikuwa na viatu vya michezo vya mabinti zao wawili, Wanjiku na mdogo wake.

"Na lile jekundu?" nikauliza.

"Limelala," Upendo akasema.

"Halijalala, shem," Kamau akasema huku akifunga buti. "Iko ICU. Ndugu wameshaitwa."

Upendo ni muuguzi, analea wazee katika makao yao. Utani huo haukumchekesha. Njia nzima alizungumza habari za mama, mvua, na nani ameolewa. Nami nilikuwa nikitazama barabara zilizopandiana juu kwa juu, magari yakienda bila honi hata moja, na joto la Januari likitetemeka juu ya lami kama maji. Sisi tunaotoka Njombe tunavaa sweta hata mwezi huo. Nilivua langu kabla hatujafika mataa ya tatu.

Rooty Hill ni mtaa wa nyumba za matofali zilizo na nyasi mbele na stesheni ya treni karibu. Tulipofika, Upendo hakunipeleka sebuleni. Alinipeleka gereji, akavuta shuka la kitanda lenye maua, na gari likawa pale. Ni gari la michezo la Kijapani, la viti viwili, na paa lake la turubai hukunjwa nyuma. Si jipya. Lilikuwa chini kiasi kwamba nilihisi nimeinamia kitanda cha mtoto.

"Nilifika hapa sina chochote," akaniambia, mkono wake ukiwa juu ya boneti. "Nikanunua jokofu, likawa la nyumba. Nikanunua gari la kijivu, likawa la watoto. Hata simu yangu wanaitumia wao. Hili tu, Dada. Hili nililinunua mimi, nikakaa mimi. Nikitoka zamu ya asubuhi nazunguka nalo kidogo ndipo nirudi nyumbani kupika. Sasa linagonga."

Gereji moja ya jirani ilikuwa imeliangalia. Walisikiliza wakasema kwamba injini imelika chini, kwenye beringi zinazoshika mikono ya pistoni. Ukifika huko, kutengeneza ni kujenga injini upya, na gari lenyewe halistahili. Walimshauri asiliendeshe.

Kamau, ambaye si mtu mbaya na ambaye kila mwezi alikuwa akiulizwa na mabinti kwa nini hawatoshi kwenye gari la mama, alikuwa amempa mkewe muda. Walikubaliana mezani, mbele ya chai: kama injini imekufa, gari linakwenda kwa watu wa vyuma chakavu. Kama si injini, linabaki, wala yeye hatalisema tena. Lori la chakavu lilikuwa limeshaitwa. Lingekuja Jumamosi.

"Na likienda, utanunua jingine?" nilimwuliza Upendo.

Akarudisha shuka, akalichomeka vizuri kwenye pembe. "Nitamweleza nani kwamba nataka jingine? Hata hili moja nilikuwa naona aibu kulisema."

Rooty Hill hadi Wetherill Park

Kanisani kwao kuna Papa Bahati, Mkongo wa Bukavu. Siku za kazi anaendesha foko lifti, mashine ya kunyanyulia mizigo, kwenye ghala la Wetherill Park, na Jumamosi anatengeneza magari katika banda analokodi hukohuko. Upendo alikuwa amempigia. Jibu lake lilikuwa fupi: lilete likija kwa miguu yake, kwa sababu gari likiletwa juu ya jingine haliwezi kusema linaumwa wapi.

Basi Jumamosi asubuhi niliingia katika kile kiti. Sikukaa, nilishuka ndani yake. Upendo akawasha. Injini ikaitika mara moja, na chini yake nikasikia: kok, kok, kok, kama mtu anayetwanga kisamvu nyumba ya tatu. Hakikuwa kishindo. Kingekuwa kishindo ningeogopa kidogo zaidi na kuhuzunika kidogo tu. Huu ulikuwa mlio wa kitu kilichokuwa kikiendelea na kazi yake hali kinaumwa.

Tulipita barabara za ndani. Upendo aliendesha kama anayebeba maji kwenye sinia. Kamau alitufuata nyuma na gari la kijivu. Kwenye kituo cha mafuta tulisimama ili injini ipumzike, na mzee mmoja wa Kiaustralia, kaptura na soksi ndefu, akaja akisikiliza kabla hata hajatusalimu. Aliinamisha sikio kwenye boneti kama daktari. Halafu akasimama wima, akavua kofia, akasema kwa huzuni maneno ambayo niliyaelewa hivi: kwamba yeye, mwanamke huyo, amekwisha, alikuwa mzuri lakini amekwisha, na Upendo asijilaumu.

Nilingoja aondoke. "Nani kafariki?" nikamwuliza mdogo wangu.

"Wapi?"

"Si amesema mwanamke fulani amekwisha? Mkewe?"

Upendo alinitazama, na kwa mara ya kwanza tangu nifike akacheka hadi akaegemea usukani. Huko, akaniambia, gari huitwa kwa neno la mwanamke. Hata hali ya hewa, hata mambo yakienda vizuri, yote ni mwanamke. Mzee alikuwa akitoa pole za gari. Nami nilikuwa tayari nimeshamwonea huruma ujane wake. Kisha kicheko kikaisha, kwa sababu pole ni pole, na mzee yule alionekana mtu aliyesikia injini nyingi.

Wetherill Park ilinifanya nitoe kichwa dirishani. Sijui niwaelezeje. Ni maghala, na baada ya maghala ni maghala, moja lina urefu wa mtaa wetu wote wa Ramadhani hapa Njombe, na malori yanaingia ubavuni mwake kama nyuki. Vitu vya nchi nzima, nadhani, hulala hapo usiku mmoja kabla ya kupelekwa kwa wenyewe. Na katikati ya ukubwa huo, kwenye uchochoro wa mabanda ya bati, Papa Bahati alikuwa amesimama na ovaroli safi akitupigia ishara turudi kinyumenyume.

Bandani kwa Papa Bahati

Alijitambulisha kwangu kwa majina matatu, baba yake, mji wake na cheti chake. "Mimi niko mekanisie wa kusoma," aliniambia, yaani fundi aliyesomea, "haiko wa kuokota."

"Leo tutaona kama masomo yalikuwa ya asubuhi au ya jioni," Kamau akasema.

"Wewe Mukenya kaa pale na njaa yako."

Alichukua bisibisi ndefu, ncha akaiweka kwenye chuma cha injini, mpini akautia sikioni, akafumba macho. Akahamisha. Akafumba tena. Uso wake ukawa mzito, nami nikaona ameshaafikiana na gereji ya kwanza na yule mzee. "Iko nagonga chini," akasema. "Sawasawa na bielle." Bielle, kwao, ndiyo ile mikono ya pistoni.

Upendo alikuwa ameshika mkoba wake kwa mikono yote miwili.

Halafu fundi akafanya jambo lililonivutia. Injini hiyo ina vyumba vinne, na kila chumba kina plagi inayowasha moto wake. Mkono mmoja wa pistoni ukiwa umelegea, hupiga kwa nguvu wakati chumba chake kinapolipuka. Ukikizimia chumba hicho moto, mlio hupungua. Alikizima cha kwanza: injini ikachechemea, mlio ukabaki. Akakirudisha, akazima cha pili. Mlio ulikuwepo. Cha tatu, upo. Cha nne, upo vilevile, kok, kok, kok, kana kwamba haukuhusika na lolote tulilokuwa tukifanya. Akamimina oili kidogo kwenye bati, akapitisha sumaku, akalipeleka bati juani. Alikuwa akitafuta vumbi la chuma linalometa. Oili ilikuwa nyeusi, lakini haikuwa na chembe ya chuma.

"Hii kitu iko nanidanganya," akasema, akijikuna shavu kwa mgongo wa mkono.

Alizunguka gari zima mara moja. Alirudi akasimama mbele ya Upendo, akamwuliza kama mtu anayeuliza njia, kwa Kiswahili cha Bukavu ambacho "ndiye" ni "njo".

"Maman, wewe njo unaiendeshaka. Unaisikiaka wapi?"

Upendo akajibu bila kufikiri. "Mguuni."

Kamau akacheka. "Sasa wewe unasikia na mguu?"

Lakini fundi hakucheka. "Mguu gani?"

"Huu wa kushoto. Unapanda hadi hapa gotini, kama ganzi. Nikitoka mataani zaidi."

Nilitazamana na mdogo wangu, nikaona na yeye ameshangaa jibu lake mwenyewe. Kule gereji ya kwanza walikuwa wamemwuliza kwa Kiingereza anasikia nini, akaelekeza kidole kwenye boneti kama mtu yeyote, kwa sababu kwa Kiingereza kusikia ni kwa masikio tu. Waliyauliza masikio, masikio yakajibu, na jibu halikuwa la uongo. Lakini sisi tunasikia baridi, tunasikia njaa, tunasikia harufu, tunasikia maumivu, na mgonjwa ukimwuliza anasikia wapi hushika pale panapouma. Papa Bahati alikuwa amemwuliza swali la mgonjwa. Nimekuwa nikiuliza watu maswali kazini kwangu redioni kwa miaka, na sikuwahi kuona neno moja la kawaida likifungua mlango namna ile.

"Ingia," fundi akamwambia. "Washa. Kanyaga klachi."

Upendo akakanyaga. Mlio ukakatika.

"Achia."

Ukarudi.

"Kanyaga."

Ukakatika tena. Nilisikia ngozi ya mikono yangu ikisisimka katika joto lile.

"Basi si injini?" Upendo akauliza kupitia dirishani. Sauti yake ilikuwa ndogo.

Papa Bahati akainua mkono. "Labda. Kati ya motere na gia boksi kuna kitu. Lakini ile shafti kubwa ya motere nayo inaishia pale. Kama shafti njo inacheza, mambo imekwisha. Mpaka nifungue." Motere, kwake, ni injini.

Palepale, mchana

Safari nyingine huenda mbali bila kuondoka mahali. Mchana ule nilikuwa nimeketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, na ninaweza kusema nilisafiri.

Gari lilinyanyuliwa juu, tukasimama chini ya tumbo lake. Papa Bahati alifungua bomba la ekzosi, akaondoa shafti ndefu inayopeleka nguvu nyuma, akaweka jeki chini ya gia boksi na kuanza kulegeza boliti zilizojificha mahali ambapo mkono wa mtu haupaswi kufika. Alikuwa akizipata bila kuziona, akiongea nazo. Kila kilichotoka alikiweka juu ya katoni kwa mpangilio wa kilivyotoka. Nilijua kwamba gari lina vitu ndani. Sikujua kwamba vimeshikana namna ile, kimoja kikitegemea kingine kusimama, na kwamba mdogo wangu alikuwa akienda kazini kila siku juu ya makubaliano hayo yote bila kuyajua.

Mke wa fundi alituletea fufu, yaani ugali wa mihogo, pamoja na samaki na sombe. Nilipoonja nikamwambia hiki ni kisamvu. Akaniambia hapana, hiki ni sombe, kisamvu ni kile mnachokisaga vibaya. Kamau alikuwa amenunua mikate ya nyama ya huko, mizima, ya kushikwa mkononi, na juu yake humwagwa sosi ya nyanya iliyo tamu. Nilikula vyote viwili. Upendo hakula.

Lori la chakavu likafika tukiwa tunanawa. Kamau alikuwa amewaelekeza waje hukohuko. Dereva alisimamisha nje, akawasha sigara, akateremsha mnyororo kidogo. Kamau akaenda kuzungumza naye mlangoni. Wakati huo gia boksi lilikuwa linashuka juu ya jeki, polepole, na nyuma yake likaonekana duara zito la chuma lenye klachi juu yake. Ndilo mafundi wetu huliita flaiwili. Kazi yake ni kupokea mzunguko wa injini na kuutuliza kabla haujafika kwenye gia. Papa Bahati akalifungua, akalikumbatia, akalishusha mezani. Akashika juu, akashika chini, akapindua. Vipande viwili vikapishana, kila kimoja kivyake: kok.

"Imekufa," akasema. Akapindua tena. Akapaza sauti kwa furaha ya aliyempata mwizi. "Imekufa! Imekufa kabisa!"

Kule mlangoni Kamau aligeuka. Nilimwona uso. Hakufurahi, hilo ninashuhudia. Alisimama kidogo kama mtu aliyeshinda kitu asichokitaka, kisha akamwonyesha dereva ishara kwamba aingie. Mnyororo ukaanza kulia.

Upendo naye alikwishasikia. Hakuuliza. Alikwenda kwenye gari, fundi alikuwa ameliteremsha kiasi cha mtu kufikia, akafungua mlango akaanza kutoa vitu vyake: miwani ya jua, mto mdogo wa mgongoni, kitenge alichokitandika kitini, chupa ya mafuta ya mikono. Aliviweka kimoja kimoja kwenye mkoba. Nilimfuata nikamshikia mkoba.

"Maman," Papa Bahati akaita, "unaondosha vitu ju ya nini?"

"Si umesema imekufa?"

"Imekufa, ndiyo."

"Basi."

"Basi nini? Tutaweka ingine." Alitazama mkoba, akatazama lori lililokuwa likirudi kinyumenyume, akamtazama Kamau, na polepole akaelewa alichokifanya. "Hapana, hapana. Volant njo imekufa! Hii!" Akapiga lile duara kwa kiganja. "Motere sijasema kitu juu yake. Kwetu hata balbu inakufa. Hata zipu ya suruali inakufa. Mtu anasema zipu yangu imekufa, munaita padri?"

Hakungoja jibu. Alilinyanyua gari tena, akaenda kwenye mwisho wa injini uliobaki wazi, akashika shafti kubwa kwa mikono miwili, akaivuta, akaisukuma, akajaribu kuiinua kwa uzito wake wote. Haikucheza. Alituita tuishike sisi wenyewe. Nilishika. Ilikuwa ya baridi na imara kama jiwe la msingi. Upendo alishika baada yangu, na hakuiachia upesi. Akamwita mumewe.

"Baba Wanjiku. Njoo ushike."

Kamau akaja, akashika, akatikisa. Dereva wa lori alikuwa akipiga honi, honi ya kwanza niliyoisikia nchi ile.

"Tulisema injini," Upendo akasema.

"Tulisema injini," Kamau akakubali. Alifuta mkono kwenye suruali yake nzuri. "Na mimi ni mtu wa maneno yangu, ingawa haya nayajutia kidogo." Akatoka kwenda kumweleza dereva. Sikusikia aliyomwambia, ila nilimwona akimpa mkate wa nyama uliobaki, na mnyororo ukakusanywa ukarudi juu.

Upendo alirudisha vitu vyake garini, kimoja kimoja. Halafu akaja mezani akala sombe baridi, sahani nzima, akiwa amesimama.

Rooty Hill na Wetherill Park, huku na huku

Vipuri viliagizwa, tukangoja. Jumamosi iliyofuata tulirudi, safari hii Kamau akiwa wa kwanza kwenye gari la kijivu. Papa Bahati alisema ukishafungua tumbo, usilifunge na vichakavu ndani, basi alibadilisha flaiwili, sahani ya klachi, beringi yake, sili ya oili iliyokuwa imeanza kulia machozi, na raba mbili zinazoshikilia injini isiruke. Alinipa moja ya zile raba kuukuu. Ilikuwa imepasuka ndani kwa ndani kama kisigino cha mkulima. Nilishangaa kwamba uzito wote ule ulikuwa umelala juu ya viganja viwili vya mpira kwa miaka yote hiyo, bila mtu kuvikumbuka.

Kamau alishika taa. Aliambiwa aisogeze kushoto, akaisogeza. Alitukanwa kwa Kiswahili cha Bukavu na kwa Kifaransa, akavumilia.

Jioni kabla ya jua kuzama Upendo akaingia, akawasha. Injini ikaitika, kisha ikatulia katika mngurumo mmoja laini. Tuliinama sisi watatu tuliobaki nje, vichwa karibu kugongana, tukitafuta yule mtwangaji wa nyumba ya tatu. Alikuwa amehama.

"Iko muzima kuliko sisi," Papa Bahati akasema, akaanza kukusanya spana zake.

Kuelekea kusini

Zilikuwa zimebaki siku mbili nirudi. Tuliondoka alfajiri, mimi na Upendo, turubai limekunjwa nyuma. Kamau alitusindikiza hadi barabarani, amevaa kandambili. Hakusema lolote juu ya gari. Alisema tu kwamba chakula cha mchana atapika yeye, na kwamba hadi saa saba tuwe tumerudi.

Jiji lilituachia taratibu. Tukaingia katika msitu wa hifadhi, miti yenye magome meupe yanayobanduka kama karatasi, harufu yake kali kama dawa ya kifua. Barabara ilipinda na kupinda, na kila kona Upendo alishusha gia, akaingia, akapandisha, na mimi niliutazama mkono wake. Huyu ni mtu niliyemfundisha kufunga kamba za viatu. Sikuwa nimewahi kumwona akifanya jambo kwa raha namna ile, bila kuangalia nyuma kama kuna anayehitaji kitu.

Kisha msitu ukaisha ghafla na hapakuwa na mbele. Palikuwa na hewa. Chini kabisa, ukingo wa nchi wote ulikuwa umelala wazi, jabali baada ya jabali, mawimbi meupe yakifika bila sauti kwa jinsi yalivyokuwa mbali. Tulishuka kwa mizunguko hadi tukalifikia daraja. Ni kweli kama alivyoniambia: linatoka ubavuni mwa jabali, linajipinda juu ya maji, kana kwamba waliojenga waliiogopa miamba kuliko bahari. Kulia ukuta wa mawe ulitufunika, kushoto hapakuwa na chochote hadi mwisho wa dunia. Upepo ulinifumba mdomo. Nilishika ukingo wa mlango na sikutaka kupumua kwa nguvu.

Tulikuwa tumekubaliana kugeuza mwisho wa daraja. Mwisho ulifika, pakawa na nafasi pana ya kugeuzia, magari mengine yamesimama, watu wakipiga picha. Upendo hakusimama.

Simu ikalia kwenye kipaza sauti. Alikuwa Kamau, na nyuma yake vitunguu vilikuwa vikikaangwa.

"Mko wapi sasa?"

"Tuko mbele," Upendo akasema.

"Mbele wapi? Si mlikuwa mnageuza?"

"Mbele tu, Baba Wanjiku. Nyinyi kuleni."

Tukasikia vitunguu vikikorogwa. Halafu Kamau akauliza kama gari liko sawa, akajibiwa liko sawa, akasema haya. Upendo akakanyaga klachi, akapandisha gia ya mwisho.